Kibainishi, Kitambulishi na Irabu Tangulizi: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sarufi

Miongoni mwa istilahi za sarufi ambazo hadi leo hazijatulia ni ile ya kuyataja yale maneno madogo ya lugha za kigeni yanayoambatana na nomino na kumwarifu msikilizaji kwamba kitu kinachosemwa ana njia ya kukijua: 'the' ya Kiingereza, 'ho', 'he' na 'to' za Kiyunani, 'al' ya Kiarabu. Wapo wanaoyaita vibainishi dhahiri, wapo wanaoyaita vibainishi maalumu, na wapo wanaosema vibainishi tu na kumwachia msomaji apambanue mwenyewe. Kama jambo hili lingehusu vitabu vya Kiingereza peke yake, tungeweza kulivumilia. Lakini katika Nyanda za Juu Kusini istilahi hiyo imevuka mpaka wake. Inatumiwa pia kuielezea ile irabu inayoanza nomino za Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na lugha nyingine za huko, na kwa njia hiyo inaingia katika ufundishaji na katika tafsiri. Huko ndiko madhara yake yanakoonekana wazi.

Tunaposema Mbeya na Iringa hapa tunayafuata mazoea ya zamani, kabla Njombe haijatengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe haijatengwa na Mbeya mwaka 2016. Mipaka ya mikoa imebadilika. Irabu tunayoizungumzia imebaki pale pale pande zote mbili za mipaka hiyo.

Hoja tunayoikuta mara kwa mara ni hii. Kiswahili husema 'mtu' na 'watu'. Kinyakyusa husema 'umundu' na 'abandu'. Kihehe na Kibena husema 'umunu' na 'avanu'. Ukiondoa viambishi vya ngeli vinavyofanana, kinabaki kitu kimoja cha ziada huku juu milimani: 'u' katika umoja na 'a' katika wingi. Kiingereza nacho kina kitu cha ziada mbele ya nomino. Basi, husemwa, 'u' hii ndiyo 'the', na 'umundu' maana yake ni mtu yule anayejulikana. Hoja hii ni nyepesi kushika, na ndiyo maana imeenea. Wala si ngeni: baadhi ya wanasarufi wa Kizungu wa karne ya 19 walioandika juu ya lugha za Kibantu waliiita irabu hiyo kwa jina lile lile waliloliita 'the' kwao. Wamisionari waliofika Unyakyusa mwaka 1891 na kuendelea walikuwa Wajerumani, na Mjerumani hawezi kusema nomino tatu mfululizo bila kukutana na 'der', 'die' au 'das'. Sarufi za kwanza za eneo hili, kama ile ya Schumann ya mwaka 1899 juu ya Kinyakyusa, ambacho wakati ule kiliitwa Kikonde, na ile ya Wolff ya mwaka 1905 juu ya Kikinga, ziliandikwa na watu wa lugha hiyo. Mtu huipima nchi ngeni kwa hatua za mguu wake.

Hata hivyo, hoja yenyewe haisimami, na kuiangusha hakuhitaji elimu kubwa. Mnyakyusa anapoanza kusimulia habari za mtu ambaye wasikilizaji wake hawajapata kumsikia, husema 'umundu jumo', yaani mtu mmoja, mtu fulani. Irabu ipo pale pale. Kama 'u' ingekuwa ndiyo 'the', basi msimulizi huyu angekuwa anasema kwa pumzi moja kwamba mtu huyu anajulikana na kwamba hajulikani. Tena husema 'umundu uju', mtu huyu, na irabu ipo vile vile ingawa kioneshi kimekwisha kuifanya kazi yote ya kumtambulisha mtu. Kitu kinachokaa sawasawa na mgeni na mwenyeji hakiwezi kuwa alama ya kuwatenganisha.

Lugha za Kibantu zilizochunguzwa zaidi zinathibitisha hayo. Katika Kiganda, 'ekitabo' hutumika kwa kitabu kinachojulikana na kisichojulikana pia, lakini kitenzi kikikanushwa irabu ya kitendwa huanguka: 'naagula ekitabo', nilinunua kitabu, 'saagula kitabo', sikununua kitabu. Hapa irabu inafuata muundo wa sentensi nzima, wala haifuati ujuzi wa msikilizaji juu ya kitabu. Mtaalamu de Blois alipolinganisha lugha nyingi za Kibantu mwaka 1970 alionesha jinsi masharti ya irabu hii yanavyotofautiana kutoka lugha hadi lugha. Mahali pengine irabu imekufa kabisa, kama katika Kiswahili chetu. Mahali pengine iko hai na ina sheria zake. Kuipa jina la kazi moja kabla ya kuzichunguza sheria hizo katika Kihehe, katika Kisafwa, katika Kindali, kila lugha kwa nafsi yake, ni kuufunga mlango wa uchunguzi kwa kufuli ya istilahi.

Na tutazame sasa huko inakotoka istilahi yenyewe, kwa maana asili yake ina funzo ambalo watunga istilahi wetu wangefaa kulijua. Wayunani wa kale waliliita neno hili 'arthron', yaani kiungo cha mwili, kama kiwiko au goti. Katika sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax, ya yapata mwaka 100 kabla ya Kristo, 'arthron' ni mojawapo ya aina nane za maneno. Wayunani hawakulipa jina la udhahiri wala la umaalumu. Walilitazama lilivyokaa: kitu kidogo kinachoshikana na nomino kama kiungo kinavyoshikana na mfupa. Tena chini ya jina hilo hilo waliweka na neno linalofanya kazi ya 'amba-' yetu, kwa sababu nalo lilikaa kama kiungo, ingawa lilifuata nomino badala ya kuitangulia.

Warumi walipoichukua sarufi ya Kiyunani walikumbana na tatizo letu lenyewe. Kilatini hakina neno la namna hiyo. Walifanya mambo mawili yanayostahili kusifiwa. Kwanza, walitafsiri jina: kiungo kidogo, 'articulus', ili waweze kuizungumzia lugha ya Wayunani. Pili, walikataa kulitafutia mahali katika sarufi yao. Quintilian, mwalimu mashuhuri wa karne ya kwanza baada ya Kristo, alisema waziwazi kwamba lugha ya Kirumi haina haja nalo. Wanasarufi waliokuja wakaliondoa katika hesabu ya aina za maneno, na kwa kuwa hawakutaka kuipoteza ile idadi ya nane, wakakipa kihisishi nafasi yake. Kitendo hicho cha mwisho kinachekesha kidogo. Lakini cha kwanza na cha pili vinatuonesha kwamba lugha inaweza kuwa na istilahi ya kitu isichokuwa nacho, na wala isione aibu.

Tukivilinganisha vyenyewe, cha Kiyunani na cha Kiingereza, tunaona kwamba hata hivi viwili havilingani kama wengi wanavyodhani. 'The' ni neno moja lisilobadilika. Zamani, katika Kiingereza cha kale, maneno yaliyolizaa yalibadilika kwa jinsi, idadi na uhusika. Mabadiliko hayo yote yamepukutika. Cha Kiyunani kinabadilika bado. Katika Kiyunani cha Agano Jipya kina jinsi 3, idadi 2 na nyuso 4 za uhusika, yaani nafasi 24 zinazojazwa na maumbo 17. Kijana wa Rungwe au wa Mufindi anapofundishwa jambo hili na mwalimu anayejua kazi yake, haoni ajabu sana. Yeye amezaliwa katika upatanisho. Anajua kwamba nomino ikibadilika, kila kinachoiandama hubadilika nayo. Kwa upande huu Kiyunani kiko karibu na nyumbani kwake kuliko Kiingereza, na mwalimu anayempitisha kwenye 'the' ili afike kwenye 'ho' anamzungusha bure.

Tofauti nyingine ni za matumizi. Mwingereza hasemi 'the Peter', lakini Myunani huweka 'ho' mbele ya jina la mtu bila shida. Mwingereza anaposema upendo kwa jumla huliacha neno hilo peke yake. Myunani husema 'he agape'. Mwingereza akiwa na 'this' hawezi kuongeza 'the', na akisema 'baba yangu' vivyo hivyo. Myunani huviweka vyote pamoja. Tena Kiyunani cha kale hakina mwenzi wa 'a' ya Kiingereza, ile iliyotokana na neno la 'moja'. Nomino isiyo na 'ho' huachwa uchi, na uchi huo unaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Mahali pa neno nako kuna maana. 'Ho agathos anthropos' ni mtu mwema; 'agathos ho anthropos' ni sentensi nzima, mtu ni mwema, na hakuna kitenzi kilichotamkwa. Kiungo kimeifanya kazi ya 'ni'. Hakuna 'the' inayoweza kufanya hivyo.

Ama Kiingereza, kina ukaidi wake ambao hauelezeki kwa udhahiri wala kwa umaalumu. Mto Ruaha huchukua 'the', Mlima Rungwe hauchukui. Nyanda za Juu Kusini huchukua, Mbeya na Iringa hazichukui. Je, Mlima Rungwe ni dhahiri kidogo kuliko Mto Ruaha? Aliyesimama Tukuyu asubuhi isiyo na ukungu atajibu mwenyewe. Majina ya miji hii miwili yanatupa mfano mzuri wa jambo hili. Inaelezwa kwamba Iringa limetokana na neno la Kihehe 'lilinga', yaani ngome, na Mbeya na neno la Kisafwa 'ibeya', yaani chumvi. Nomino za kawaida zimegeuka kuwa majina ya mahali pamoja tu duniani, na hazikuhitaji neno lolote la kuzisaidia kufanya hivyo. Watu wa mahali walijua ni ngome ipi.

Kiswahili nacho hakina kibainishi cha namna hii, na hapa tunawapinga wale wanaotaka kukipatia kimoja kwa nguvu. Mwalimu akisema 'nimenunua kitabu', Kiingereza kinamlazimisha kuchagua kati ya 'a' na 'the', Kiswahili hakimlazimishi. Akisema 'nimekinunua kitabu', ile 'ki' ya kitendwa inaashiria kwamba kitabu kilikwisha kutajwa au kinajulikana. Lakini hatuwezi kukiita kiambishi hicho mwenzi wa 'the', kwa maana tunasema 'nimemwona mtu njiani' na 'm' ni ya lazima hata kama mtu huyo hatumjui kabisa. 'Yule' ikitangulia, kama katika 'yule mzee akanyamaza', hukaribia sana kazi ya 'ho'. Ikifuata, 'mzee yule', huonesha zaidi. Njia tunazo, tena nyingi. Kile ambacho hatuna ni wajibu wa kuzitumia kila mara.

Wajibu huo ndio unaoletwa na tafsiri mbaya. Mtafsiri wa habari anayeogopa kuiacha 'the' hata moja bila mwenzi wake hutuandikia 'serikali hiyo', 'mkutano huo', 'wananchi hao' katika kila mstari, hata pale ambapo hakuna serikali nyingine inayoweza kufikiriwa. Msomaji huchoka bila kujua kimemchosha nini.

Katika kupita tuseme pia kwamba Kiswahili kimewahi kukimeza kiungo cha namna hii na kukisaga kabisa. 'Alfajiri', 'alasiri' na 'Alhamisi' zina 'al' ya Kiarabu ndani yake, nasi hatuisikii tena. Kwa 'almasi' mambo yalikwenda kinyume: neno hilo asili yake ni la Kiyunani, 'adamas', ambalo halikuwa na 'al' yoyote; Kiarabu kikalipokea kwa umbo la 'almas', na watu wakaidhania silabi ya kwanza kuwa ni 'al' yao. Huo ni ushahidi kwamba hata wenyewe wenye kiungo hiki hukiona mahali ambapo hakipo.

Turudi milimani, kwenye jambo lenye uzito zaidi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21 kazi ya kutafsiri Biblia katika lugha kadhaa za Mbeya na Iringa imekuwa ikiendeshwa kwa pamoja, na Mbeya ndiyo makao yake. Mtafsiri wa kazi kama hiyo hukutana na aya ya kwanza ya Injili ya Yohana. Katika Kiyunani cha aya hiyo neno 'logos' linatajwa mara tatu, na kila mara lina kiungo. Neno 'theos' linatajwa mara mbili: mara ya kwanza lina kiungo, mara ya pili halina. Nini maana ya kukosekana huko? Colwell alionesha mwaka 1933 kwamba katika Agano Jipya nomino ya aina hii, ikiwa ya kiarifu na ikikitangulia kitenzi, kwa kawaida hukosa kiungo hata kama inayemtaja anajulikana. Harner, mwaka 1973, aliona kwamba umbo hilo huwa mara nyingi ni la kutaja sifa, yaani namna alivyo anayesemwa kuliko yeye ni nani. Mashahidi wa Yehova katika tafsiri yao ya Kiingereza ya mwaka 1950 waliweka 'a' hapo, na mabishano hayajaisha.

Hatuingii katika mabishano ya imani. Hayo yana wenyewe. Tunachotaka kuonesha ni kwamba mtafsiri aliyefundishwa kwamba irabu ya mwanzo ni 'kibainishi dhahiri' atashawishika kuyamaliza mabishano hayo kwa kuondoa irabu moja au kuiongeza. Ataona Kiyunani kina kiungo hapa, naye aweke irabu. Kiyunani hakina pale, naye aitoe. Kwa kufanya hivyo atakuwa ameiandika sentensi ambayo mwenye lugha hasemi, au inayosema jambo jingine kabisa, kwa kuwa irabu yake ina sheria zake zisizohusiana na Yohana wala na Colwell. Istilahi mbovu itakuwa imeitia mkono maandiko ambayo watu watayasoma kwa vizazi.

Ugumu halisi uko mahali pengine, na istilahi hiyo inaufunika. Kiswahili kina 'Mungu' na 'miungu': neno moja linaloweza kuwa jina la mmoja na nomino ya aina. Katika maandishi tunatofautisha kwa herufi kubwa. Lakini herufi kubwa haisikiki, na waumini walio wengi huisikia aya hiyo ikisomwa kabla hawajaisoma wenyewe. Kinyakyusa kilichukua 'Kyala'. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameandika kwamba Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa jadi kabla wamisionari hawajalichukua jina lake kwa ajili ya Mungu wa Wakristo. Basi ni jina la nafsi. Jina la nafsi halitaji sifa kwa urahisi, linataja mtu. Anayetaka kuifuata maana ya Harner katika Kinyakyusa atalazimika kutafuta maneno mengine, pengine sentensi nzima ya kueleza, na shauri hilo ataliamua pamoja na wasemaji wenyewe. Haliwezi kuamuliwa na irabu.

Sasa tuseme juu ya majina. 'Dhahiri' halifai. Kitu cha dhahiri ni kile kinachoonekana na kila mtu bila kificho, lakini 'the' haisemi hivyo. Inasema tu kwamba wewe unayesikiliza una njia ya kujua ni kipi. Mtu akiniambia kwa Kiingereza kwamba amempoteza mfunguo wa nyumba yake, mfunguo huo si dhahiri kwangu hata kidogo, sijapata kuuona. 'Maalumu' lina historia ya kusikitisha kidogo. Katika Kiarabu maana yake ni kinachojulikana, na kama lingebaki hivyo lingetufaa kuliko maneno yote. Lakini katika Kiswahili cha leo limehama: 'kikosi maalumu', 'mgeni maalumu', 'elimu maalumu'. Mwanafunzi akisikia 'kibainishi maalumu' hufikiri ni kibainishi cha kipekee kati ya vibainishi. Hatuwezi kumlaumu. Ama 'kibainishi' peke yake ni istilahi nzuri, ila ni pana mno, maana vioneshi na vimilikishi navyo vimo ndani yake.

Sisi tunapendekeza 'kitambulishi'. Neno hili linataja kazi ya msingi ambayo kiungo cha Kiyunani, cha Kiingereza na cha Kiarabu zinashirikiana, ya kumwambia msikilizaji kwamba anaweza kukitambua kinachotajwa, na haliongezi zaidi ya hapo. Kuna watakaosema kwamba linafanana mno na 'kitambulisho' tunachotembea nacho mfukoni. Ufanano huo hautudhuru, unasaidia kumbukumbu. 'Kiungo', ambalo tumelitumia humu kwa kuwafuata Wayunani, tungelipenda kwa uzuri wake, lakini liko karibu mno na 'kiunganishi' na lingezaa mkanganyo darasani. Kwa 'a' ya Kiingereza inatosha kusema kitambulishi kikanushi, au kwa maneno mepesi zaidi, 'a' ya kutaja kwa mara ya kwanza.

Kwa lugha za Mbeya na Iringa na zote zenye umbo hilo, jina liwe 'irabu tangulizi', ambalo baadhi ya wataalamu wanalitumia tayari. Linataja umbo na mahali tu, ni irabu na inatangulia, na kazi yake haliisemi, kwa sababu kazi hiyo haijaelezwa sawasawa kwa lugha zote na pengine si moja. Anayeandika sarufi ya Kihehe aweke sura yenye kichwa hicho, aorodheshe ndani yake ni wapi irabu inabaki na ni wapi inaanguka: mbele ya kioneshi, baada ya kitenzi kilichokanushwa, katika mwito, katika majina ya watu, baada ya viambishi vya mahali. Akimaliza, naye akiona kwamba katika Kihehe irabu hiyo inatambulisha kweli, aseme hivyo katika maelezo. Kichwa cha sura kibaki kama kilivyo.